Zarbibi na Damu ya Wajomba

Wifi yangu Zarbibi hajawahi kudarizi gauni bila kulitia doa. Ndiye anayegombewa na maharusi wote wa mji wetu wa Khash, vidole vyake vinakwenda kama vina wazimu, lakini kila gauni linalotoka mikononi mwake lina kidoa chekundu mahali fulani, ndani ya upindo, ambako macho ya mama mkwe wa bibi harusi hayafiki. Sindano ikimchoma, damu inatoka kidogo, inakauka, anaendelea na kazi. Kesho yake, mkate ukiwa bado tanuruni, kidole kile kile kinafunguka chenyewe na kutiririka kana kwamba ndiyo kwanza kimechomwa. Nyumbani tuliiita damu ya kesho, na tuliicheka. Kila nyumba ina mtu wa kuchekwa. Kwa jirani ni baba anayekoroma, kwetu alikuwa Zarbibi.

Mimi ni Durdana, dada wa mumewe, Lalbakhsh. Mama yangu Mahgonj ni shangazi yake Zarbibi na tena mama mkwe wake, maana kwetu ukioa nje ya ukoo watu huuliza nyumbani ulikosa nini. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba nikimsema, namsema mtu wangu. Yeye ni mpole, mwenye mizaha ya chini chini inayokuchoma ukishafika mlangoni. Mimi mdomo wangu hauna breki, na nikikasirika mtaa wa pili unajua.

Mambo yake yalianza zamani. Alipozaliwa kitovu kilivuja mpaka wanawake wakamlilia akiwa bado hai. Meno ya utoto yalipong'oka, mto wake ulilowa damu usiku. Akiwa msichana aligonga goti kwenye ngazi, likavimba kama tikiti, akalala wiki kadhaa akinifundisha matusi mapya. Yote hayo tuliyazoea. Kisha akaolewa, na mimba zikaanza kutoka. Ya kwanza tukasema bahati mbaya. Ya pili tukasema jicho baya. Ya tatu na ya nne hatukuwa na la kusema. Zote zilitoka zikiwa changa, kwa damu ya kufurika, na kila mara tulikaribia kumzika yeye mwenyewe.

"Mimi sitaki mtoto, nakutaka wewe," Lalbakhsh alimwambia mbele yetu sote bila haya, na mama akajifanya anatafuta kijiko.

"Mimi unanipata kila siku," Zarbibi akamjibu. "Mimi namtaka yeye."

Wakakubaliana kujaribu mara moja tena, na iwe ya mwisho. Moyo wangu uliniuma, kwa sababu nilijua jinsi anavyowashika watoto wa wengine. Anawashika kwa mkono mmoja kama mtu aliyezoea, na mkono wa pili unaendelea kushona.

Sasa niwaambie kuhusu mjomba wake, Jangian. Kwetu kuna bijari: mtu akiwa na harusi au janga, ukoo mzima unamchangia, na kuukataa mchango ni kumtemea mtu mate usoni. Mjomba Jangian aliifanya bijari ya damu. Zarbibi akianza kutoka damu, kabla hatujamvalisha viatu, pikapu zimeshajipanga nje ya hospitali yetu ya mji, na ndani yake wamo wajomba, binamu na wakwe, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka mabegani. Yeye mwenyewe, na masharubu yake na kilemba chake, anamsimamia nesi mpaka mfuko wa damu uning'inie. "Mfuko kwanza, maswali baadaye," ndiyo kauli yake. Mfuko ukishaanza kudondoka ndipo anaketi na kuomba chai.

Baada ya hapo ndipo tunapelekwa Zahedan kwenye madaktari wakubwa na vipimo vikubwa, na kila mara majibu ni yale yale. Damu ni safi, inaganda vizuri, rudini nyumbani mkapumzike. Daktari mmoja alimwambia apunguze mawazo. Ningekuwepo siku hiyo ningempunguzia yeye.

Baada ya mimba ya nne tulikuta huko daktari mpya, mwanamke, Daktari Rakhshani, Mbaluchi mwenzetu kabisa, anayekoroga chai kwa mwisho wa kalamu. Mara hiyo nilikuwepo. Zarbibi alikuwa mweupe kama unga, lakini ameketi wima.

"Katika familia yenu kuna mwingine anayetokwa damu ovyo?" daktari akauliza.

"Hapana," tukajibu wote wawili kwa pamoja, kama tulivyofundishwa. Nani atatangaza hospitalini kwamba mabinti wa ukoo wana kasoro? Kesho nani atawaposa?

Daktari akatazama majibu ya vipimo, akakunja uso. "Mpaka kile kipimo adimu kilifanyika hapa mwaka juzi. Bonge la damu lilikaa imara. Sielewi."

Hapo mdomo wangu ukaponyoka. "Litakosaje kukaa imara, daktari? Mwilini mwake mna damu ya wanaume wa ukoo mzima. Akichinjwa sasa hivi itatoka sauti ya Mjomba Jangian ikidai chai."

Zarbibi akacheka. Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Damu hiyo anawekewa lini? Kabla ya kuja huku kupimwa, au baada?"

"Kabla. Kila mara. Mjomba hakubali atoke Khash bila mfuko."

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi ilikuwa mifuko mitatu."

Daktari alipiga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika. "Jamani! Miaka yote hii tunapima damu ya wajomba zake!"

Alitueleza haraka haraka, maneno yakigongana. Kuna ugonjwa wa kurithi, nadra duniani lakini si nadra kwetu sisi tunaooana ndugu kwa ndugu. Damu inaganda vizuri mwanzoni, kisha kesho yake inaachia. Vipimo vya kawaida havikioni kitu kinachokosekana, na kile kipimo kimoja kinachokiona kinahadaika kwa urahisi, kwa sababu damu kidogo tu ya mtu asiye na ugonjwa huo inatosha kukifanya kiseme kila kitu ni sawa, na inakaa mwilini wiki nyingi.

"Wewe ni mdarizi?" alimwuliza Zarbibi, akiangalia vidole vyake.

"Ndiyo."

"Ukishona bila kupiga fundo mwishoni, inakuwaje?"

"Leo inakaa. Kesho inafumuka."

"Basi nadhani damu yako inashona vizuri na haipigi fundo. Nadhani tu. Ili nijue kwa hakika, nirudie ukiwa na damu yako peke yake. Miezi miwili, mitatu, bila mfuko wa mtu yeyote. Unanisikia? Wa mtu yeyote."

Tulirudi tukiwa na furaha ya ajabu, kama watu walioambiwa kwamba mwizi ameonekana. Njiani Zarbibi alirudia peke yake, "Haipigi fundo," akitikisa kichwa. Mjomba Jangian hatukumwambia. Nani angeanza?

Miezi ikapita, siku ya kurudi Zahedan ikapangwa, ni Jumamosi. Alhamisi asubuhi nilikuwa nakanda unga, Zarbibi akaja akasimama nyuma yangu.

"Wifi, nina mimba."

Nikageuka na unga mikononi. "Tangu lini?"

"Wiki chache. Nilitaka nikuambie kwa furaha." Akameza mate. "Lakini tangu alfajiri kuna matone."

Lalbakhsh alikuwa safarini na lori lake la maji, huko vijijini ambako simu hushika ukipanda juu ya paa. Nikampigia daktari. Akaniuliza maswali mfululizo: anasimama? kichwa kinazunguka? damu inamwagika au inadondoka? Nikamjibu inadondoka, na anasimama, na sasa hivi ananikonyeza nisiseme kwa ukali.

"Basi mlete sasa hivi, na asiwekewe chochote njiani. Ikianza kumwagika, ingieni hospitali yoyote, lakini ichukuliwe damu yake kwanza, ndipo mfuko. Kwanza yake, umeelewa? Dawa ninayo hapa, lakini dawa hii haitolewi kwa kubahatisha. Nahitaji uthibitisho."

Gari lilikuwa wapi? Mama alikuwa ameshampigia Mjomba Jangian. Nilipotoka nje pikapu yake ilikuwa mlangoni ikinguruma, na nyuma yake mbili zaidi, zimejaa wanaume waliokunja mikono. Mmoja alikuwa bado na povu la sabuni shavuni.

Tukaingia mbele, Zarbibi katikati yetu, mama akamfunika shuka na kumsomea dua dirishani. Mjomba akaondoa gari kwa kishindo. Kufika njia panda, akakata kulia, kuelekea hospitali yetu.

"Mjomba, kushoto," nikasema. "Tunakwenda Zahedan."

"Mfuko kwanza."

"Hakuna mfuko leo. Kushoto!"

"Binti, usinifundishe njia. Hawa watu wote nyuma wameacha kazi zao. Niwaambie nini? Rudini, damu yenu imekataliwa?"

"Waambie hivyo hivyo! Damu yenu ndiyo iliyotudanganya miaka yote!"

Sikupaswa kusema vile. Alikanyaga breki katikati ya barabara, na pikapu za nyuma zikapiga honi. Uso wake ulikuwa mwekundu. Nilidhani atanishusha, na nilikuwa tayari kushuka na kumburuta Zarbibi kwa miguu mpaka Zahedan, maana kichwa changu kilikuwa kimewaka moto.

Zarbibi akaweka mkono wake wenye makovu ya sindano juu ya mkono wa mjomba wake.

"Mjomba, damu yako imenifikisha leo. Bila wewe ningekuwa udongoni. Lakini nimeishi kwa damu ya watu mpaka hakuna daktari aliyewahi kuiona yangu. Leo niache niende na yangu, hata kama ni mbovu."

Mjomba Jangian akageuza gari, akarudi njia panda na kushika ya kushoto. Nilichungulia kioo cha pembeni nikaziona pikapu mbili zikigeuka nazo, moja ikipanda tuta, wanaume wakishikana wasidondoke. Hawakujua tunakwenda wapi, walifuata tu.

Njia nzima Zarbibi alikuwa akinong'ona, na mwanzoni nilidhani ni dua. Kumbe alikuwa anazungumza na aliye tumboni. "Vumilia kidogo, tunakwenda kujuana," alimwambia. Mimi niligeuzia uso dirishani nikalia kimyakimya, jambo ambalo silifanyi.

Daktari Rakhshani alitungoja mlangoni. Damu ikachukuliwa kabla hata Zarbibi hajavua viatu. Kisha daktari akatoka kwenye ujia, akawakuta wanaume wetu wamejazana pale na vilemba vyao na suruali zao pana, wamekaa kimya kama watoto waliofukuzwa darasani.

"Nahitaji damu ya mtu mzima mwenye afya. Kichupa kimoja, ya kulinganishia."

Sijaona mtu akisimama kwa kasi namna ile. Mjomba Jangian alikuwa na mkono umeshanyooshwa kabla daktari hajamaliza. "Kichupa kimoja tu?" akauliza, amevunjika moyo. "Chukua hata ndoo."

Tuliruhusiwa kuangalia, mimi na yeye, tumesimama nyuma ya daktari. Vichupa viwili. Katika kila kimoja bonge la damu lililoganda, jekundu, laini, na huwezi kusema lipi ni la nani. Akamiminia vyote viwili dawa moja ya kupimia, isiyo na rangi.

"Bonge lenye fundo litakaa mpaka kesho," daktari akasema. "Lisilo na fundo tutaona."

Nesi akatuletea chai. Sikunywa. Bonge la mjomba lilikaa pale kama mwenyewe anavyokaa barazani. Bonge la Zarbibi nalo lilikaa, moyo wangu ukaanza kuzama. Kisha ukingo wake ukalegea. Nikasogea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Lilipungua, likawa wingu, likawa uzi, na kabla chai yangu haijapoa lilikuwa limekwisha kabisa, limebaki maji ya waridi tu.

"Limekwenda!" nikapiga kelele. "Daktari, limekwenda!"

"Nimeona!" Daktari naye alikuwa anapiga kelele. Alinikumbatia, mtu mzima na koti lake jeupe, tukarukaruka pale maabara kama wasichana harusini. Ugonjwa wa kutisha, nasi tunarukaruka! Lakini mtu aliyepigwa gizani maisha yake yote, akiwashiwa taa akamwona anayempiga, afanye nini?

Nikakimbia chumbani kwa Zarbibi. "Limeyeyuka! Lote! La mjomba limekaa, lako limeyeyuka!"

Akajifunika uso kwa shela, mabega yakitikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoitoa. Alikuwa anafanya vyote viwili. "Kwa hiyo si mimi," akasema. "Si jicho, wala si mawazo yangu. Ni damu tu."

Daktari akaingia na sindano tayari mkononi. Akamweleza kwamba vitu vinavyogandisha damu vina namba, na kinachokosekana kwake ni cha kumi na tatu, kinachofanya kazi mwisho baada ya vyote.

"Mwisho wa foleni," Zarbibi akasema, huku dawa ikiingia. "Hata ndani ya damu, Wabaluchi tumewekwa mwisho wa foleni." Daktari alicheka mpaka akalazimika kuutuliza mkono wake.

Nilipotoka kuwaambia watu wa ujiani, nilimkuta Mjomba Jangian ameegemea ukuta. Daktari alinifuata, akamwuliza lile swali tuliloulizwa sisi: nani mwingine katika ukoo? Safari hii hakukataa.

"Wanangu wawili niliowazika wakiwa wachanga," alisema, akiangalia sakafu. "Kitovu. Wote wawili kitovu. Na mimi nikamfukuza mkunga, nikamwambia mkono wake ni mchafu. Mji mzima ukamkimbia." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Nitaenda kwake kwa miguu yangu."

Baada yake yule mwenye povu la sabuni akasema mke wake jino lilimtoa damu siku nne. Mwingine akasema dada yake. Daktari akavuta kiti.

Matone ya Zarbibi yalikoma. Kila mwezi Lalbakhsh aliegesha lori lake la maji mbele ya hospitali ya Zahedan na kumsubiri, na kila mwezi sindano moja ilitosha. Tumbo likakua. Mama akaacha kunong'ona dua na kuanza kuamrisha, ndipo nikajua kwamba hatari imepita. Zarbibi alidarizi vinguo vidogo mpaka tukamkataza, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kuvaa vyote vile kabla ya kuota meno.

Alizaliwa msichana, mwenye hasira kama zangu. Daktari alichukua damu ya kitovu kabla ya kitu kingine chochote, akaondoka nayo mbio. Kesho yake tulikuwa tumejazana wodini tukigombania jina, mama anataka la bibi yake, Lalbakhsh anataka la maua, mimi nataka langu, wakati Daktari Rakhshani alipoingia. Alisimama tu miguuni pa kitanda.

"Bonge la mtoto nalo limeyeyuka," akasema.

Mama akashika kifua. Lalbakhsh aliketi chini pale pale. Mimi nilishikwa na hasira, sijui na nani, machozi yakanitoka kwa nguvu mpaka nikauma shela yangu.

Zarbibi alimtazama bintiye, akamwinua mpaka nyuso zao zikagusana. Alikuwa anatabasamu.

"Mnalia nini? Mimi nimejulikana nikiwa na mvi. Huyu amejulikana kabla hajapewa jina." Akanikabidhi mtoto. "Shika, wifi. Daktari, lete sindano yake."